Jagari wa Kitwe: kutoka ku jukwaa la roki mpaka mu shimo la mawe

Leo tunavuka Kasumbalesa kidogo. Mukuba wetu na mukuba wa Zambia ni mshipa mmoja chini ya udongo. Mupaka uko juu tu. Na bei ikishuka, wao na sisi tunalia siku moja. Habari ya leo ni ya muziki, lakini mutaona ni habari ya mugodi pia.

Mutu wetu anaitwa Emmanuel Chanda. Wengi wanamujua kwa jina la Jagari. Vijana walimupa jina ile juu ya Mick Jagger, muimbaji wa Rolling Stones wa Uingereza, kwa sababu alikuwa anaruka na kucheza sawa yeye. Alikomea Kitwe, muji wa mugodi, na kule njo aliimba na kundi la WITCH.

Mukumbuke wakati wenyewe. Kwetu, Union Minière ilitoka mu 1967 na Gécamines ikazaliwa. Kwao, mu 1969 Rais Kaunda alitangaza kama serikali itakamata 51% ya migodi. Mukuba ulikuwa na bei nzuri. Baba aliyetumika mu mugodi alileta mushahara, na kijana wake alipata franga ya kununua diski ao ya kuingia ku konseri. Gitari za umeme zikafika. Diski ya WITCH inayoitwa Introduction, ya 1972, inahesabiwa kati ya diski za kwanza kabisa za roki ya Zambia. Nyuma yake In the Past ikatoka mu 1974, na Lazy Bones!! mu 1975.

Redio nayo ilisaidia. Kaunda mwenyewe alikuwa anapiga gitari, na mu miaka ile ya 1970 alitoa amri: 95% ya muziki wa redio iwe ya Zambia. Mutangazaji aliyezoea kuweka diski za Marekani, za Uingereza na rumba ya kwetu, sasa alilazimika kutafuta sauti za nyumbani. Wanamuziki wakamupatia. Walikamata gitari yenye kunguruma ya wazungu, wakaitia mu ngoma za wakubwa wao, wengine wakaimba Kibemba na Kinyanja. Paul Ngozi, Rikki Ililonga, kundi la Amanaz: wote ni wa wakati ule. Muziki huu njo unaitwa Zamrock.

Konseri za WITCH zilikuwa zinaanza saa moja ya magaribi mpaka saa nane ya usiku. Masaa saba! Mutu anayetoka ku kazi ya shimo anajua ile ni nguvu gani. Kisha vita vya Rodesia vikaleta shida mpaka Zambia: taa zikazimwa usiku, watu wakakatazwa kutembea. Makundi yakahamisha konseri muchana. Hawakuacha.

Kile kilichowashinda ni bei. Mu 1975 bei ya mukuba ilianguka vibaya. Mushahara ukawa mudogo, na kitu ya kwanza mutu anaacha kununua ni diski, kwa sababu unga hauwezi kuachwa. Wezi wa kaseti nao wakakopia nyimbo bila kulipa mwenye kuimba. Tena, nyuma, ukimwi ukachukua wengi wa kizazi kile, na wenzake wa WITCH pia. Jagari alitoka mu kundi mu 1977, akaenda kufundisha. Kisha akashika sururu akaingia mu mashimo, kutafuta mawe ya bei. Muimbaji aliyejaza masalle akawa mucimbaji sawa ndugu zetu wanaochimba kwa mikono.

Hatusemi ile ni aibu. Kazi ya shimo ni kazi. Aibu ni hii: nyimbo zake zilikuwa zinazunguka dunia mu mikono ya watu wanaokusanya diski za zamani, na yeye yuko anasukuma udongo.

Mu 2012 diski za WITCH zilitoka tena Marekani. Mu 2019 filamu ikaonyesha maisha yake. Jagari akarudi ku jukwaa pamoja na Patrick Mwondela, mupiga kinanda wa zamani, na vijana wa Uholanzi ambao wangeweza kuwa watoto wake. Wakazunguka Ulaya na Marekani. Mu 2023 wakatoa Zango, diski iliyotengenezwa Lusaka, karibu miaka makumi ine nyuma ya ile ya mwisho.

Sasa turudi kwetu. Mwenda Jean Bosco alikuwa anapiga gitari Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, wakati Hugh Tracey, mutu aliyetumika mu redio Afrika ya Kusini, alimurekodi mu 1952. Mutu mumoja alisimama akasikiliza, na dunia ikajua gitari ya Katanga. Leo mu makartie ya Lubumbashi karindula inalia ku matanga, ule banjo mukubwa wa fûti na ngozi ya mbuzi. Nani anasimama?

Kwa vijana wanaopiga, tunasema hivi. Mukirekodi, muandike majina ya wote, siku na fasi. Mukubaliane ku karatasi nani anapata nini, mbele ya kulewa furaha. Musiuze nyimbo kwa chupa ya bia. Kaseti za baba muziweke mbali na jua na vumbi. Na watangazaji wa redio wataje jina la muimbaji kila mara, si la mwenye kulipa tangazo peke yake.

Mukuba ukitoka mu udongo haurudi. Wimbo unaweza kurudi, lakini tu kama kuna mutu aliyeuchunga na aliyeandika ni wa nani.