Ndege Mdogo Asiye na Kwao Kwingine

Msafiri anayetoka Arusha kwenda Namanga akishaupita Mlima Meru, huona mbele yake mbuga kavu yenye nyasi fupi na vumbi jingi. Wengi hufunga madirisha ya gari na kungoja kufika Longido. Je, msomaji, ulijua kwamba katika mbuga hiyo, upande wa magharibi wa barabara, anaishi ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani?

Huyo ni kipozamataza wa Beesley. Ni mdogo kama shomoro, na rangi yake ni ya udongo. Husimama wima, mdomo wake mrefu umepinda kidogo, na mkia wake mfupi una ncha nyeupe. Ukucha wake wa nyuma ni mrefu. Hutembea chini pamoja na jamaa zake wachache, wakichokoa wadudu na mbegu.

Ndugu zake wako mbali

Wataalamu walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Ndugu zake wa karibu wako mbali sana kusini, katika nchi kama Angola, Namibia na Botswana. Inadhaniwa kwamba zamani nchi kavu iliunganika kutoka huko hadi kwetu. Hali ya hewa ilipobadilika, hawa wakabaki peke yao. Leo wanakadiriwa kuwa hawafiki elfu moja.

Nyumba isiyo na ukuta

Mama huyu hatagi juu ya mti. Hutengeneza tago lake chini, kwenye kishimo kando ya shina la nyasi, na kulitandika kwa majani makavu. Kinga yake ni rangi yake tu.

Nyasi fupi zinazolishwa na ng'ombe na mbuzi wa Wamasai humfaa. Lakini mifugo ikizidi mno, ardhi hubaki tupu. Jembe likipita, au gari likiacha njia, tago huangamia. Ndege wa msituni huweza kupata msitu mwingine. Huyu hana mbuga nyingine.

Wageni hutoka nchi za mbali kuja kumtazama, nasi twampita kila siku. Mama mpendwa, mtoto wako anayekwenda machungani akikuta tago chini, mfundishe alitazame kidogo, asiguse mayai, kisha awapitishe mbuzi kando.