Biblia Haikukusanywa Ikulu

Katika mihadhara ya dini kando ya barabara Kibera, na katika mabishano ya vijana kwenye steji za matatu Kawangware, kuna dai linalorudi kila mara: kwamba Biblia ilitengenezwa mwaka 325 katika mji wa Nikea, Kaisari Konstantino alipowaita maaskofu wakapiga kura, wakabakiza vitabu vilivyoifaa serikali yake na vingine wakavichoma. Anayelitoa dai hilo huwa na uhakika, na anayejibu mara nyingi hukosa la kusema, kwa sababu mafundisho katika makanisa mengi huanzia Mwanzo na kuishia Ufunuo bila kugusa jinsi vitabu hivyo vilivyokuja kukaa pamoja. Pengo hilo si dogo. Kutoka Gatwekera hadi Laini Saba, kutoka Gatina hadi Kawangware 46, hutembei mbali kabla ya kupita kanisa: la mabati, la chumba cha kukodi juu ya duka, la darasa la shule ambalo Jumapili hugeuka mahali pa ibada. Watu waliojenga maisha yao juu ya kitabu wana haki ya kujua historia yake. Na ushahidi uliopo unaelekea upande ambao wengi hawautarajii: Agano Jipya lilikusanywa na makutaniko madogo yaliyokutana majumbani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa imekwisha kabla kaisari yeyote wa Roma hajawa Mkristo.

Tuanze na Nikea yenyewe. Mtaguso ule ulijadili mafundisho ya kasisi Ario kuhusu uungu wa Kristo, ukazungumzia tarehe ya Pasaka, kisha ukatoa kanuni 20 za nidhamu, zikiwamo za kuwapokea tena waliokana imani wakati wa mateso. Kanuni hizo tunazo hadi leo, na hakuna hata moja inayoorodhesha vitabu vya Maandiko. Hadithi ya uchaguzi wa vitabu inatoka katika maandishi ya Kigiriki ya karne ya 9 hivi, zaidi ya miaka 500 baada ya tukio, nayo inasimulia muujiza: vitabu viliwekwa penye madhabahu, maaskofu wakasali, na vya uongo vikajitenga na vya kweli. Katika karne ya 18 mwandishi Mfaransa Voltaire aliichukua akaitumia kulikejeli kanisa, na tangu hapo imeenea. Lililo kweli ni kwamba Konstantino aliagiza nakala 50 za Maandiko kwa ajili ya makanisa ya mji wake mpya, na aliyepewa kazi hiyo ni Eusebio, askofu wa Kaisaria. Lakini Eusebio huyohuyo, katika historia yake ya kanisa, anaeleza wazi kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro, na 2 na 3 Yohana vilikuwa bado vinabishaniwa, na kuhusu Ufunuo anasitasita. Kaisari alimwamini, na Nikea alikuwapo. Kama serikali ingekuwa imetoa amri kuhusu vitabu, yeye angekuwa wa kwanza kuijua.

Hati zenyewe ndizo zinazosema zaidi. Katika maktaba ya John Rylands mjini Manchester kuna kipande cha mafunjo kinachoenea kiganjani, chenye maneno ya sura ya 18 ya Yohana upande mmoja na mwingine. Wataalamu wengi hukiweka katika karne ya 2, ingawa wapo wanaokisogeza hadi ya 3. Kuandikwa pande zote mbili kunaonyesha kwamba kilitoka katika kitabu chenye kurasa na si katika gombo. Wakati ule vitabu vya fahari, vya washairi na wanafalsafa, viliandikwa kwenye magombo, huku kurasa zilizofungwa pamoja zikiwa za wenye kuweka hesabu na kumbukumbu za kazi. Wakristo walichagua umbo hilo la watu wa kazi mapema sana, labda kwa sababu lilibebeka na liliwezesha barua kadhaa kukaa pamoja. Hati inayoitwa P46, ambayo kurasa zake zimegawanyika kati ya Dublin na Michigan, iliandikwa karibu mwaka 200 ikiwa tayari na mkusanyo wa barua za Paulo, na Waebrania ikifuata mara baada ya Warumi. Vipande vingine vingi vilichimbuliwa na wataalamu wa Kiingereza Grenfell na Hunt kuanzia miaka ya 1890 katika jaa la taka la mji wa kale wa Oxyrhynchus, Misri. Nyingi za hati hizi za mwanzo zina mwandiko wa makarani wa barua na risiti, pamoja na makosa ya tahajia na masahihisho pembeni. Hata hivyo, karibu zote hufupisha majina matakatifu, kama Mungu, Bwana, Yesu na Kristo, kwa namna ileile. Makutaniko yaliyokuwa mbalimbali, bila ofisi kuu ya kuyaamuru, yalikuwa yakinakili moja kutoka kwa jingine.

Ushahidi unaogusa zaidi, kwangu, ni kumbukumbu rasmi za msako uliofanywa Mei 303 katika mji wa Cirta, ambao leo ni Constantine nchini Algeria. Kaisari Diokletiano alikuwa ameamuru Maandiko yachomwe moto. Wakuu wa mji wakaingia katika nyumba walimokutania Wakristo wakaanza kuorodhesha mali: vikombe na taa, lakini pia kanzu 82 za wanawake, kanzu 16 za wanaume na jozi 47 za viatu vya kike. Huenda nguo hizo zilikuwa za kuwasaidia maskini, na anayelijua kanisa la mtaani atakitambua mara moja chumba kama hicho. Makabati ya vitabu yalikuwa matupu. Kikatolewa kitabu kimoja kikubwa sana, na maofisa walipouliza vingine viko wapi wakaambiwa viko kwa wasomaji. Mashemasi wadogo wawili walikataa kuwataja wasomaji hao wakakamatwa. Basi maofisa wakaenda nyumba kwa nyumba: kwa mmoja wakapata vitabu vinne, kwa mwingine vitano, kwa mwingine vinane, kwa mwalimu wa sarufi viwili na kurasa ambazo hazijafungwa, na mke wa msomaji mmoja akaleta sita. Kwa jumla vilipita 30. Biblia ya Cirta, miaka 22 kabla ya Nikea, ilikuwa imetawanyika katika nyumba za watu waliokuwa na kazi ya kuisoma kwa sauti mbele ya wenzao, wengi wao wasiojua kusoma.

Msako huo unaeleza pia kwa nini suala la orodha lilikuwa zito. Mtu anapotakiwa kukabidhi vitabu au afe, lazima ajue ni vitabu gani vinastahili kufichwa. Mensurio, askofu wa Karthago, aliyaondoa Maandiko kanisani, akaacha maandishi ya wazushi, na maofisa wakayachukua hayo. Hangeweza kufanya hivyo kama hakujua tayari kipi ni kipi. Ujuzi huo ulitokana na miaka mingi ya kusoma na kulinganisha. Karibu mwaka 200, waumini wa Rhossus, mji mdogo wa Siria, walikuwa wakisoma Injili iliyopewa jina la Petro. Serapioni, askofu wa Antiokia, aliwaruhusu kwanza bila kuisoma. Baadaye aliazima nakala, akaisoma, akaona kwamba mengi yalikuwa sawa lakini mengine yameongezwa, akaikataza. Mchungaji wa Hermas nacho kilipendwa mno, hata kikawekwa mwishoni mwa Codex Sinaiticus ya karne ya 4, lakini orodha ya kale iitwayo ya Muratori inasema kisomwe faraghani tu, si ibadani, kwa kuwa kiliandikwa hivi karibuni. Vipimo vilikuwa hivyo: je, kinatoka kwa mitume au watu wao, na je, kinasomwa kotekote? Hapa ndipo makutaniko yale yanapotofautiana na baadhi ya yetu. Hakuna kanisa moja lililojiamulia peke yake. Katika Wakolosai 4:16 Paulo anaagiza barua zibadilishwe na kanisa la Laodikia, na desturi hiyo ya kupelekeana na kuulizana ndiyo iliyozaa mkusanyo. Kanisa lisiloulizana na kanisa lingine lolote, ambalo ufunuo wa kiongozi wake haupimwi na mtu yeyote wa nje, limeachana na njia iliyotupa Agano Jipya.

Msomaji makini atauliza: na Athanasio je? Ni kweli kwamba orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya, bila kupungua wala kuzidi, iko katika barua ya Pasaka ya mwaka 367 ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, na kwamba alikusudia kuvifungia nje vitabu vingine. Wengi wanaamini ni baada ya makatazo kama hayo ndipo vitabu vya Nag Hammadi, vilivyopatikana Misri ndani ya mtungi mwaka 1945, vilipofichwa. Mamlaka yalikuwapo, na hatupaswi kuyapuuza. Lakini karibu miaka 190 kabla ya barua hiyo, Irenayo, askofu wa Lyon, alikuwa akitetea Injili nne tu, na barua za Paulo zilikuwa zikizunguka kama tulivyoona. Athanasio alifunga mlango wa nyumba iliyokwisha kujengwa, tena hakuufunga kila mahali: kanisa la Siria liliendelea muda mrefu na vitabu 22 vya Agano Jipya. Inafaa kukumbuka kwamba kiti hichohicho cha Aleksandria ndicho chenye seminari ya Waorthodoksi huko Riruta, jirani na Kawangware. Hakikuletwa na serikali ya kikoloni. Wakenya waliojitenga na misheni ndio waliokitafuta, na baada ya kupokelewa mwaka 1946 serikali hiyo ililipiga kanisa lao marufuku wakati wa Hali ya Hatari.

Tofauti za Biblia zetu leo hutumiwa kama hoja dhidi ya yote haya, ilhali zinayathibitisha. Mkatoliki wa Kibera ana vitabu 73, jirani yake Mprotestanti ana 66, na Mwethiopia anayeabudu Nairobi katika kanisa lake la Orthodoksi ana 81, vikiwamo Henoko na Yubile. Kaisari angekuwa ndiye aliyeamua, orodha ingekuwa moja. Tofauti hizo kwa sehemu kubwa ni za Agano la Kale, na nyingine zina historia ya karibuni: mwaka 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza na Nchi za Nje kiliamua kutogharimia vitabu vya Deuterokanoni, vile vya Agano la Kale vilivyomo katika Biblia ya Kikatoliki lakini havimo katika ya Kiprotestanti, na uamuzi huo ukaathiri Biblia zilizosambazwa Afrika Mashariki kwa vizazi. Kuhusu Agano Jipya, wote watatu husoma Injili nne zilezile, na Injili za Garima, zinazotunzwa kwenye monasteri karibu na Adwa, Tigray, zinaonyesha kwamba nne hizo zilikuwa zikisomwa kwa Kigeez, lugha ya kale ya Ethiopia, katika eneo letu la Afrika tangu zamani sana. Vipimo vya kaboni vimeziweka kati ya karne ya 4 na ya 7.

Imebaki hoja ya Injili ya Barnaba, ambayo mihadhara huitaja kama kitabu kilichofichwa. Nakala zake zinazojulikana ni za Kiitaliano na Kihispania, za zama za karne ya 16 na baadaye. Isichanganywe na Waraka wa Barnaba, wa kale kweli, ambao Codex Sinaiticus inao. Lakini Mkristo anayedai ushahidi kwa mwenzake hana budi kuukubali unapomgeukia yeye. Marko 16:9-20, penye mistari ya kutoa pepo na kuwawekea wagonjwa mikono inayosomwa mara nyingi kwenye mikutano ya maombezi, haimo katika Codex Sinaiticus wala katika Codex Vaticanus, hati mbili kongwe kabisa zenye mwisho wa Injili hiyo. Wataalamu wengi huamini haikuandikwa na Marko. Hata hivyo Irenayo aliunukuu mstari wa 19 karibu mwaka 180. Mchungaji anaweza kuyaeleza haya yote mimbarani bila kuipunguzia ibada chochote: sehemu hiyo ni ya kale sana, makutaniko yaliipokea yakaisoma, na aliyeiandika huenda alikuwa mtu mwingine.