HABARI ZA DENI, NA JINSI YA KUTOKA NDANI YAKE

Kila mwaka mwezi wa Januari ufikapo, hapa Njoro na katika mitaa mingine ya Moshi, huonekana jambo lile lile. Wageni waliopanda mlimani kwa Krismasi wamekwisha kurudi Dar es Salaam na Nairobi, mabasi yamepungua stendi, na waliobaki huanza kuhesabu. Sare za shule zataka kununuliwa, na madaftari, na viatu, na mchango wa chakula cha watoto. Kabla hayo hayajatimia, huja mwenye duka na daftari lake. Huja mwekahazina wa kikundi. Tena huja mtu wa tatu, ambaye jina lake halitajwi mbele ya watoto. Huyo wa tatu ndiye aliyetufanya tuandike maneno haya, maana zimekuwako nyumba zilizotolewa makochi, televisheni na hata mtungi wa gesi mchana kweupe, majirani wakitazama, kwa ajili ya deni ambalo mwanzo wake halikupita bei ya mbuzi mmoja.

Deni lenyewe si jambo geni katika mlima huu. Wazee wa Kichaga walikuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe: mwenye ng'ombe wengi alimweka mmoja kwa ndugu au jirani, aliyemfuga akapata maziwa na samadi ya migomba yake, na mwenyewe akabaki na haki yake. Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyekaa Old Moshi miaka mingi, aliziandika sheria za Wachaga katika kitabu kikubwa kilichopigwa chapa mwaka 1926. Naye Sally Falk Moore, mwanamke mtaalamu wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1986 ameeleza jinsi madai ya kale yalivyodumu miaka mingi, hata watoto wakadaiana kwa ajili ya baba zao. Mtu aweza kusema kwamba huo nao ulikuwa mzigo, na kweli ulikuwa mzigo. Lakini deni la ng'ombe halikufichika. Ng'ombe alionekana zizini, ukoo ulijua ni wa nani, na neno likiharibika palikuwa na wazee wa kuliketia. Deni la siku hizi laweza kuanza usiku, mtu akiwa kitandani na simu mkononi, mwenziwe amelala ubavuni asijue neno lo lote.

Kisha ikaja kahawa, na pamoja nayo fedha. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa, na mwaka 1933 mahali pake pakashikwa na KNCU, ambayo jina lake lajulikana na kila mtoto wa Moshi. Chama kilimfundisha mkulima kuuza pamoja na wenzake. Lakini tabia ya kahawa yenyewe hakuna chama kilichoweza kuigeuza: zao hili huleta fedha kwa msimu, na tumbo hudai kila siku. Katika miezi ile ya katikati ndipo mkopeshaji apatapo nafasi. Huko Kagera wameipa hila moja jina, wakaiita butura, yaani mkulima kuuza kahawa yake ingali ua mtini, kwa bei ya shida, kisha wakati wa mavuno akaitazama ikibebwa na mtu mwingine. Serikali imepigana na butura mara nyingi, na bado husikika. Hata Zanzibar, wenye mashamba ya mikarafuu walizama katika madeni kiasi kwamba mwaka 1934 serikali ya wakati ule ilitoa amri za kuzuia mashamba yasihamishwe ovyo kwa sababu ya deni. Twayasema haya ili mwenye deni asijione kuwa yeye peke yake ni mpumbavu katika nchi. Watu wenye shamba na akili wamenaswa kabla yake. Na wakulima wetu wanaokumbuka mwaka 1989, mapatano ya mataifa juu ya kahawa yalipovunjika na bei ikaanguka, wajua kwamba mtu aweza kufanya kazi kwa bidii na bado akadaiwa.

Hata hivyo si kila deni limeletwa na bei ya kahawa. Yatupasa kusema kweli juu ya sherehe zetu. Mtoto akipata kipaimara, jambo ambalo ni la furaha, baba yake hukodi turubai, viti, muziki na mpiga picha, hupika pilau la watu mia mbili, na mbege haina budi kuwapo. Na nusu ya gharama ni ya kukopa. Kadi za michango ya harusi nazo hupita mikononi mwetu kama vile ni hati za kodi. Sisi hatusemi watu wasisherehekee. Lakini yule mtoto mwenyewe, ukimwuliza, hakuomba turubai. Tena walioshiba siku ile hawatakuwapo siku ya makochi kutolewa nje. Kuna madeni ya namna nyingine, ya hospitali na ya msiba, ambayo hatuna neno juu yake ila huruma. Na kuna deni la mtaji, kama la mama anayechukua belo la mitumba auze Memorial, au kijana anayenunua pikipiki; hilo laweza kujilipa lenyewe, mradi lisiwe la mkopeshaji wa namna tutakayoieleza sasa.

Watu wameuita mkopo huo kausha damu, na jina limestahili. Tuseme mtu amekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Mwezi ukiisha adaiwa 390,000. Hana. Basi aambiwa, lete riba tu, 90,000, na deni lisogee mbele. Ashukuru, aona amehurumiwa. Afanya hivyo miezi sita. Amekwisha toa 540,000, na deni lake ni lile lile 300,000, halikupungua hata senti. Sasa linganisheni: Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwa riba hiyo, mtu yule yule katika miezi ile ile sita angetoa riba ya 63,000 tu, hata kama asingepunguza deni lenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mkopeshaji si "Utanipa lini?" bali "Leseni yako iko wapi?" Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 yamtaka kila afanyaye kazi hiyo awe nayo. Nao wakopeshaji wa katika simu wasidhaniwe kuwa ni wa kuaminika kwa sababu picha zao ni nzuri: mwezi wa Novemba mwaka 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha watu bila idhini. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo hupekua majina yaliyomo katika simu ya mkopaji, kisha huwapelekea mchungaji wake, mkwewe na mwajiri wake ujumbe wa kumwaibisha. Wengine, wasio wa simu, huchukua kadi ya benki ya mwalimu au ya mstaafu pamoja na namba yake ya siri, wakapokea mshahara kabla ya mwenyewe. Mtu asikubali jambo hilo kamwe, hata awe na shida gani.

Sasa tuje kwa yule ambaye amekwisha kuingia. Afanye nini?

Jambo la kwanza ndilo gumu kuliko yote, nalo halihitaji fedha. Mume amwambie mkewe, au mke amwambie mumewe, madeni yote bila kubakiza hata moja. Twajua ya kwamba usiku ule hautakuwa mwema. Lakini nyumba haiwezi kupanga malipo ya deni ambalo nusu yake haijui. Tena sheria nayo yawalinda wawili hawa wakiwa pamoja: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Basi anayeletewa karatasi aitie sahihi upesi upesi, akiambiwa ni jambo dogo, na aulize ni karatasi gani.

Baada ya hayo yaandikwe madeni yote katika ukurasa mmoja: jina la anayedai, kiasi kilichobaki, na riba ya mwezi. Hiyo riba ndiyo watu huisahau, nayo ndiyo yenye kuamua. Tutoe mfano. Nyumba moja yadaiwa na mwenye duka 40,000, bila riba. Yadaiwa na kikundi cha kuweka na kukopa 200,000, kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Yadaiwa na kausha damu 150,000, kwa asilimia 20. Jumla ni 390,000. Wamepiga hesabu ya maziwa, ndizi na kazi ya mjini, wakapunguza vinywaji vya Jumapili na michango miwili, wakaona kwamba wanaweza kutoa 90,000 kila mwezi.

Wengi wataona haki ni kugawa sawa, kila mdai 30,000. Hapo ndipo pana mtego. Riba ya mwezi ya yule kausha damu ni 30,000 kamili; kwa hiyo watamlipa mwaka mzima na deni lake litasimama pale pale. Afadhali waende kwa mwenye duka, ambaye ni jirani, wamwombe kwa adabu awangoje hadi mwezi wa tatu. Waende na kwa kikundi, wakubaliane kulipa riba tu kwa muda, yaani 10,000. Na vyote vilivyosalia wamtupie mwenye riba kubwa. Mwezi wa kwanza, riba zote mbili zikiisha kulipwa, zabaki 50,000, na deni la kausha damu lashuka kuwa 100,000. Mwezi wa pili riba zake zimepungua, zabaki 60,000, na deni lawa 40,000. Mwezi wa tatu laisha, na mwenye duka apata 32,000 zake. Mwezi wa nne amaliziwa 8,000 zilizobaki, na kikundi chaanza kulipwa kwa nguvu. Mwezi wa sita kikundi chadai 46,620 pamoja na riba, nazo zapatikana katika zile 90,000, na kuna 43,380 za kubaki mkononi.

Mtaona kwamba hatukuwaambia wauze ng'ombe, wala wakope mahali pengine ili wafunike hapa. Kukopa kwa mmoja kumlipa mwingine hufaa katika hali moja tu, yaani deni jipya likiwa na riba ndogo sana kuliko la zamani, na la zamani likafungwa siku ile ile. Mwanachama wa SACCOS aweza kuomba mkopo wa namna hiyo, akieleza wazi kwamba ni wa kumaliza kausha damu. Akipewa, asipite nyumbani na fedha hizo.

Juu ya kumwendea anayedai, watu wengi huona haya, nao huanza kupita njia za nyuma, na simu huzimwa. Kufanya hivyo humtia mdai shaka, na mwenye shaka hukimbilia nguvu. Sisi Wachaga tulikuwa na jani la isale. Mkosaji aliyelipeleka kwa aliyemkosea hakurudishwa kwa urahisi. Mdai wa leo hatadai isale, lakini mtu aliyefika mwenyewe kabla ya siku yake, akiwa na karatasi yenye tarehe na kiasi, na shilingi elfu chache mkononi, husikilizwa mara nyingi kuliko mtu aliyetafutwa. Mkopeshaji asiye na leseni akitisha kuchukua vitu vya nyumbani kwa nguvu, aitwe mwenyekiti wa mtaa, na ikibidi polisi. Kudai ni haki yake, lakini kuvunja mlango si haki ya mtu ye yote.

Kila malipo na yaandikwe. Yakilipwa kwa simu, ujumbe usifutwe. Yakilipwa mkononi, mpokeaji atie sahihi mbele ya mtu wa tatu. Na siku ya malipo ya mwisho mtu asiondoke kwa kupeana mikono tu: adai karatasi isemayo kwamba deni limekwisha, pamoja na hati, kadi au kitu cho chote alichokuwa ameweka dhamana, na ule mkataba wa zamani uandikwe kwa wino kwamba umefutwa.

Nyumba ile ya mfano wetu, ikianza mwezi wa Julai, yamaliza Desemba. Januari ikifika wana zile 43,380, na 90,000 za mwezi mpya ambazo hazina mwenyewe. Sare na madaftari zitatoka humo. Kinachobaki na kipelekwe kikundini siku hiyo hiyo kiwe akiba yao, kabla kadi ya harusi ya kwanza haijabisha hodi.