Kirangozi wa Bonde la Kedong (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilituacha Taveta, chini ya kilima cha Salaita, ambapo tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma na jeshi la Wajerumani, na ambapo siku hizi wageni huongozwa kwa miguu kutoka handaki hadi handaki. Tuliuliza swali moja ambalo halikupata jibu kamili: huyu anayetangulia wageni kwenye njia za vita ana kazi gani hasa? Wengi humwona kama msimulizi wa kupunguza uchovu wa safari. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba kazi yake ni kupima ushahidi, kwamba ardhi anayoikanyaga ni sehemu ya ushahidi huo, na kwamba asipoipima kwa haki huwa anaendeleza hukumu iliyotolewa zamani na upande mmoja. Ili kulipima dai hili nimeichagua Olkaria, mahali ambapo hakuna anayetarajia kusikia habari za vita. Wageni hufika huko kuona mvuke wa kituo cha umeme kilichoanza kazi mwaka 1981, na kuendesha baiskeli katika mbuga ya Hell's Gate. Jina lenyewe la Olkaria, ambalo kwa Kimaasai ni udongo mwekundu wa kujipaka, hutajwa na kupitwa upesi. Lakini ukipanda ukingo wa mlima Longonot ulio jirani na kutazama kusini mashariki, utaliona bonde la Kedong likitanda hadi kwenye ngome ya milima ya Kikuyu, na hapo ndipo vita vya mwaka 1895 vilipopiganwa.

Kiswahili kina neno la zamani kwa mtu wa kazi hii, nalo ni kirangozi. Katika misafara ya karne ya kumi na tisa kirangozi alitangulia mbele na bendera, na wapagazi wote walifuata nyayo zake. Hakutakiwa kujua njia peke yake. Alitakiwa kujua maji yapo wapi na yanakauka mwezi gani, mji gani unadai hongo na kiasi gani, nani amegombana na nani tangu msafara wa mwisho upite. Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, na Count Teleki alipoelekea ziwa Turkana miaka michache baadaye, wote wawili walitegemea ujuzi wa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani aliyekuwa amezizoea njia hizo kabla yao. Vitabu vya safari viliandikwa kwa majina ya Wazungu, na Gustav Fischer, aliyefika Naivasha mwaka huohuo wa 1883 na kuzuiwa na Wamaasai asiendelee mbele, ameachiwa jina lake kwenye mnara wa mawe ndani ya mbuga. Kimemeta hana mnara. Ninalitaja hili kwa sababu mwongozaji wa leo, akiwa kijana wa Kimaasai wa Olkaria au wa kutoka mjini Naivasha, amerithi kazi ya Kimemeta na si ya Fischer, na urithi huo unamtaka ajue nani aligombana na nani, na kwa nini.

Basi tuitazame Kedong yenyewe. Mwezi Novemba 1895 msafara wa watu wapatao 1,100, wengi wao Wakikuyu pamoja na Waswahili wa pwani, ulikuwa unarudi kutoka kituo cha serikali cha Eldama Ravine. Anayetembea kwa miguu anaelewa mara moja jambo ambalo msomaji wa kitabu hulipita: anayetoka pande hizo kuelekea Kikuyu hana budi kushuka kati ya Longonot na ngome ya milima, na huko ndiko palipokuwa na malisho na maji ambayo wafugaji nao waliyategemea. Msafara na manyatta vilikutana kwa sababu nchi iliwalazimisha kukutana. Wapagazi wakawashika wasichana wa Kimaasai kwa nguvu. Morani wakainuka, na mauaji yaliyofuata yaliacha maiti nyingi bondeni. Hesabu zinazotajwa ni kati ya watu 500 na 650. Siku chache baadaye mfanyabiashara Mskochi, Andrew Dick, aliyewahi kuwa mtumishi wa kampuni ya Waingereza, akaenda kulipiza kisasi akiwa na wasafiri Wafaransa. Alipora ng'ombe na kuwaua Wamaasai wapatao mia kwa bunduki, kisha akachomwa mkuki akafa. Serikali ya Waingereza ilipochunguza ilikiri kwamba wapagazi ndio waliochokoza, na Wamaasai hawakuadhibiwa kwa vita.

Mpaka hapo hakuna ugomvi mkubwa juu ya mambo yaliyotokea. Ugomvi unaanza kwenye maana yake. Simulizi la kikoloni lililorudiwa kwa miaka mingi linasema kwamba Wamaasai walishangaa mno kuona mtu mmoja mweupe akiua wengi hivyo, na kwamba tangu siku hiyo Lenana, laibon (kiongozi wa dini) wao, aliamua kutopigana na Waingereza. Ni simulizi tamu la kuwapa wageni jua linapozama, na mwongozaji asiye na mafunzo atalitoa bila kusita. Lakini lipimeni. Kabla ya Dick kushika bunduki, sotoka ilikuwa imeshafyeka ng'ombe wa Wamaasai kuanzia mwaka 1890 hivi, ndui ikafuata na kuua watu, na laibon Mbatian alipofariki katika miaka hiyohiyo wanawe wawili, Lenana na Sendeyo, wakagombania cheo chake hadi kupigana. Lenana alihitaji mshirika na watu wake walihitaji chakula. Mtu aliyekwisha kuzika ng'ombe wake hahitaji kushangazwa na risasi mia ili atafute amani. Nikiweka mambo haya kwenye mizani, simulizi la Dick linabaki kuwa sababu ndogo iliyopambwa ikawa kubwa kwa kuwa iliwasifu waliokuwa wanaandika. Na upambaji huo haukuwa bure, maana ikiwa Wamaasai walinyenyekea kwa hofu, basi mkataba wa mwaka 1904 uliowaondoa kwenye bonde hili kwenda Laikipia, na ule wa mwaka 1911 uliowaondoa tena Laikipia kwenda kusini, inaonekana kama mwendelezo wa kawaida. Kiongozi wa Kimaasai Parsaloi ole Gilisho hakuiona hivyo. Kesi aliyoisimamia pamoja na wenzake ilifika Mahakama Kuu mwaka 1913, wakashindwa kwa hoja kwamba mkataba ulikuwa kati ya mataifa mawili na mahakama haina mamlaka juu yake. Mwongozaji anayeeleza Kedong bila kufika kwa ole Gilisho ameikata hadithi pale palipowafaa walioshinda.

Vita vya pili vya eneo hili viko karibu zaidi na kumbukumbu za wazee. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakachukua silaha na kuwafungua wafungwa zaidi ya 170. Usiku huohuo, juu ya ngome ya milima huko Lari, watu waliohesabiwa kuwa upande wa serikali walishambuliwa majumbani mwao. Zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto, na kisasi cha upande wa serikali kikaua wengine wengi. Ugomvi wa Lari ulikuwa na mizizi katika ardhi, kwani kuna waliohamishwa kutoka Tigoni na kupewa viwanja ambavyo wengine waliviona kuwa vyao. Kwa miguu mtu anaweza kuunganisha Lari na Naivasha katika safari moja ya siku kadhaa, na hapo ndipo inapoonekana kwamba njia yenyewe ni hoja. Anayewaanzisha wageni Naivasha anawapa hadithi ya ushujaa na mipango ya kijeshi. Anayewaanzisha Lari anawapa moto na kilio. Wote wawili hawajasema uongo, lakini kila mmoja ametoa hukumu kwa kuchagua tu mahali pa kufungia kamba za viatu. Mwongozaji mzuri atawaambia wageni kwamba kuna mwanzo mwingine na kuwaeleza kwa nini ameuchagua huu.

Pingamizi la kwanza ni zito na halifai kupuuzwa: kwamba Naivasha si mahali pa kufukua makaburi. Mwishoni mwa Januari 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, majirani waliuana katika mji huo, na kuna familia iliyoteketea ndani ya nyumba iliyowashwa moto. Tena ardhi ya Kedong imebishaniwa mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2014 familia za Kimaasai zilihamishwa ili kupisha kituo cha Olkaria IV, jambo lililozaa malalamiko hadi kwenye Benki ya Dunia. Katika mazingira hayo, wanasema, kumweka Mmaasai mbele ya wageni asimulie jinsi Wakikuyu walivyouawa mwaka 1895, au Mkikuyu asimulie jinsi wasichana walivyoshikwa, ni kumwaga mafuta ya taa jikoni. Ninakubali hatari ipo. Ninachokataa ni dhana kwamba tukinyamaza hadithi hizi hazitasimuliwa. Husimuliwa kila siku, kila kabila nyumbani kwake, bila mtu wa upande wa pili kuwapo kuuliza swali, na asiyekuwapo na lake halipo. Njia ya kutembea hadharani, yenye waongozaji wawili wa asili mbili wakisahihishana mbele ya wasikilizaji, ni mojawapo ya mahali pachache ambapo hadithi hizo zinaweza kukutana zikiwa mchana.

Wapo pia wanaouliza kama masimulizi ya wazee yanaweza kuitwa ushahidi. Jibu lao limetoka London. Kwa nusu karne wazee wa Kenya walisema waliteswa katika kambi za kizuizini, na kwa nusu karne waliambiwa hakuna hati zinazothibitisha. Mau Mau wenyewe walibaki chama haramu katika sheria za nchi hadi mwaka 2003. Kisha mwaka 2011 ikabainika kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imeficha majalada ya kikoloni huko Hanslope Park, na majalada hayo yakawaunga mkono wazee. Mwezi Juni 2013 Uingereza ikaeleza majuto na kukubali kuwalipa fidia walalamikaji zaidi ya 5,200. Hapa karatasi ndizo zilizochelewa, mdomo ulikuwa umeshasema. Sisemi kila asemalo mzee ni kweli. Mzee husahau, hujipamba, huwaficha ndugu zake. Nasema apimwe kwa mizani ileile anayopimwa nayo afisa wa wilaya aliyeandika ripoti huku akitaka kupandishwa cheo.

Kuhusu lawama kwamba huku ni kuuza vifo kwa watalii sina mengi ya kusema. Njia ya Kokoda huko Papua New Guinea, kilomita 96 ambazo Waaustralia na Wajapani walipigania mwaka 1942, imewapa wenyeji kazi ya kuongoza na kubeba mizigo, nayo si aibu. Aibu ni pale wenyeji wanapobaki ndani ya hadithi kama wabebaji waaminifu wa vita vya wengine. Ndilo lililowapata wapagazi wetu wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambao tume inayosimamia makaburi ya askari wa Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba wengi wao hawakukumbukwa hata kwa majina.

Kinachotakiwa basi ni mafunzo, na mfano wake upo Olkaria penyewe. Katika korongo la Ol Njorowa mafuriko ya ghafla yaliua vijana saba wa kanisa mwezi Aprili 2012, na mwezi Septemba 2019 yakaua watu wengine saba, akiwemo mwongozaji wa hapo. Mvua iliyonyesha mbali, mahali ambapo mgeni haoni wingu, hushuka kwenye korongo lile kwa dakika chache. Tangu hapo hakuna anayebisha kwamba mwongozaji lazima afundishwe kusoma anga na mawe na kujua wakati wa kuwarudisha watu nyuma. Mtihani wa waongoza safari nchini, wenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu, humtaka mtu ajue wanyama na ndege kwa undani. Ningependa anayeomba kuongoza Kedong atakiwe pia kuleta maelezo mawili yanayopingana ya tukio moja, ataje nani alisema nini na akiwa na sababu gani ya kusema hivyo, kisha asimame mahali penyewe na kuonyesha ardhi inamuunga mkono nani.

Limebaki suala la njia ya Kedong ianzie wapi. Wapo watakaopendekeza ianzie alipoanguka Dick, kwa kuwa ana jina na vitabu vinamtaja, wakati wapagazi hutajwa kwa idadi tu. Mimi ningeanzia kaskazini, upande ulikotoka msafara, wageni washuke na mizigo yao mgongoni kama walivyoshuka watu wale, wakitafuta maji. Na kabla hawajafika kwenye risasi na mikuki, kirangozi awasimamishe awaeleze lililotangulia yote hayo: wasichana wa manyatta, ambao majina yao hayamo katika simulizi lolote la kikoloni, na ambao huenda wajukuu wa wajukuu zao wanachunga ng'ombe ng'ambo ya mlima Suswa hadi leo.