Kuichungulia Molekuli Ndani ya Zeolaiti

Mashine ya oksijeni inayowekwa kando ya kitanda cha mgonjwa hufyonza hewa ya chumbani na kuisukuma kwa shinikizo kupita kwenye punje za zeolaiti. Punje hizo hunasa nitrojeni, na kinachotoka upande wa pili ni oksijeni ya asilimia 90 hivi au zaidi. Shinikizo likishuka, nitrojeni huachiwa na kazi huanza upya.

Zeolaiti ni madini ya silikoni, alumini na oksijeni yaliyojaa vitundu ambavyo kwa kawaida upana wake haufiki nanomita 1. Axel Cronstedt wa Sweden aliyapa jina mwaka 1756, alipoona yakitoa mvuke yanapochomwa. Ya asili yamo hata katika majivu ya kale ya volkano huko Oldupai, Tanzania. Yale ya kutengenezwa huvunja mafuta mazito ili kupata petroli.

Lakini molekuli ikishazama humo, inafanya nini? Imeshikwa na nini?

Jibu linatokana na ugunduzi uliotangazwa Kolkata, India, mwezi Februari 1928, na kumpatia C. V. Raman Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwanga ukiipiga molekuli, karibu wote hutawanyika ukiwa na rangi ileile. Ni chembe moja tu ya mwanga kati ya mamilioni inayobadilika rangi, kwa kuwa imeiachia molekuli sehemu ya nishati yake na kuitikisa. Kila molekuli ina mitikisiko yake, hivyo badiliko hilo huitambulisha. Raman alianza kwa mwanga wa jua. Leo njia hiyo, inayoitwa kwa jina lake, hutumia leza.

Chukua piridini, kimiminika chenye harufu kali. Molekuli yake ni pete ya atomu tano za kaboni na moja ya nitrojeni, na pete hiyo hutanuka na kusinyaa kama kifua kinachopumua. Ikiwa peke yake, mtikisiko huo husomeka karibu na 991, kwa kipimo cha mawimbi kwa sentimita. Ikichanganywa na maji husogea hadi 1003. Ikipokea protoni hufika 1010 hivi, na ikijishikiza kwenye alumini iliyo wazi, hukaribia 1020. Tofauti ni ndogo mno, lakini inamwambia mkemia ni asidi ya aina gani iliyomo vitunduni, na asidi hiyo ndiyo inayovunja mafuta.

Mionzi ya infraredi nayo hutumika sana, ila kuta za zeolaiti huimeza kwa wingi katika baadhi ya maeneo ya kipimo. Kwa Raman kuta hizo hutoa ishara hafifu, na maji vilevile. Tena nitrojeni iliyo huru, ambayo infraredi haiioni, Raman huisoma kwenye 2330.

Adui mkubwa ni mng'ao wa uchafu. Mabaki kidogo ya kaboni yakipigwa na leza hung'aa na kuifunika kabisa ishara. Watafiti huyachoma kwanza kwa oksijeni kwenye nyuzi 500 hivi, au hutumia leza ya nanomita 1064 isiyoamsha mng'ao huo kirahisi. Wengine huenda upande wa pili, kwenye urujuanimno, ambako ishara hujitenga na mng'ao. Leza ya urujuanimno inaweza kuunguza sampuli, kwa hiyo unga wa zeolaiti hutibuliwa kwa gesi ili punje zisikae mahali pamoja. Kwa njia hiyo wameweza kufuatilia masizi yanavyojijenga ndani ya vitundu wakati methanoli inageuzwa kuwa haidrokaboni, kabla hayajaiziba zeolaiti ikaacha kufanya kazi.