Sangara kwa Mchuzi wa Machungwa na Ndimu

Vitabu vya upishi vya Ulaya humsifu halibati, samaki wa bahari za baridi mwenye nyama nyeupe. Mama wa nyumbani wa Kampala hana haja ya kumtamani. Katika soko la Ggaba, kandokando ya Ziwa Viktoria, yupo sangara, ambaye wenyeji humwita mputa. Aliletwa ziwani humo katika miaka ya 1950 na 1960, na leo minofu yake husafirishwa hadi Ulaya.

Kwanza, chagua kwa makini. Macho yawe maangavu, matamvua mekundu, na nyama irudi inapobonyezwa. Wako wanaodhani kuwa ndimu humponya samaki aliyeanza kuoza. Hilo ni kosa la hatari: ndimu huficha harufu tu, madhara hubaki.

Kwa walaji wanne, twaa robo tatu ya kilo ya minofu. Ipake chumvi na ndimu kwa dakika 10, si zaidi, kwani ukali wake huikausha nyama. Kaanga kwa mafuta kidogo hadi iwe nyeupe mpaka ndani, kisha itoe. Katika kikaango hicho kaanga kitunguu na tangawizi, mimina maji ya machungwa 2, yachemke hadi yawe mazito. Epua, ndipo ukamulie ndimu moja; ikichemka sana huleta uchungu. Mwagia samaki, uandae kwa matoke au wali.

Bei ya minofu ikikushinda, nunua kichwa. Mchuzi huu hukifaa vilevile, na jamaa watashiba.