Kuondoa Andiko Hakumlindi Mfanyakazi

Swali linaloulizwa tena na tena katika vyumba vya habari, kuanzia Gongoni mjini Tabora hadi Nairobi, ni kwa nini mwajiri asiliondoe tu andiko linalowaudhi wafanyakazi wake ili kazi iendelee kwa amani. Swali hilo limekosewa tangu msingi wake, kwa kuwa linachanganya usalama wa mfanyakazi, ambao ni haki yake, na kuridhika kwake na kila kinachochapishwa, jambo ambalo hakuna mkataba wa ajira unaoliahidi.

Imani kwamba kuondoa andiko huleta amani imekwisha kujaribiwa, na haikufua dafu. Tarehe 5 Machi 2020 wafanyakazi wa Hachette, kampuni ya uchapishaji nchini Marekani, walitoka ofisini kupinga tawasifu ya Woody Allen, mwongozaji filamu mwenye tuhuma za udhalilishaji alizozikana. Kesho yake kampuni ikakiacha kitabu hicho, na kabla ya mwezi kwisha mchapishaji mwingine, Arcade, alikuwa amekitoa. Juni mwaka huohuo gazeti la New York Times lilianza kwa kuitetea makala ya seneta Tom Cotton, aliyetaka jeshi litumwe kuzima ghasia, kisha likalegea mbele ya wafanyakazi wake. Mhariri wa maoni, James Bennet, akajiuzulu, ilhali makala yenyewe ilibaki ikisomeka.

Tabora ina funzo bora zaidi. Januari 1958 wajumbe wengi wa mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, walipinga kura tatu, yaani utaratibu uliomlazimu kila mpiga kura kuchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu kwa pamoja. Nyerere, kiongozi wa chama hicho, hakuwanyamazisha wala hakusalimu amri, bali alijenga hoja hadi wengi wakamkubali, na Zuberi Mtemvu, ambaye hakuridhika, alijitoa akaunda chama chake.

Njia zilizopo zinajulikana: sera ya uhariri iandikwe kabla ya mgogoro, kosa la ukweli lisahihishwe upesi, anayepinga apewe nafasi ya kujibu kwa jina lake, unyanyasaji kazini ushughulikiwe kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, malalamiko ya maadili yapelekwe Baraza la Habari Tanzania, na uamuzi ubaki kwa mhariri, pamoja na sababu zilizoandikwa. Mkuu wa taasisi asiyeweza kuwakatalia watumishi wake mwenyewe hatapata ujasiri wa kumkatalia mwenye dola.